Mstari si Majaaliwa

Kuna neno moja ambalo husemwa vijijini na mijini, sokoni na hospitalini, na kila alisemaye huinamisha kichwa kana kwamba anasoma hukumu: "Sukari ikishakuingia, imekuingia, haina kurudi nyuma." Mgonjwa akilisikia hukubali. Jamaa zake hukubali. Kisha wote hungoja kidonge kimoja kiwe viwili, viwili viwe vinne, na vinne viwe sindano. Neno hili limezoeleka mno hata hapana aulizaye limepata wapi nguvu zake. Mimi naliuliza leo, na jibu nitakalolitoa huenda likawastaajabisha wanafunzi. Midomo ya watu ililieneza, lakini heshima ya elimu lilipewa na mstari mmoja uliochorwa juu ya karatasi ya hesabu; na mstari huo ulisomwa vibaya.

Kwanza yafaa tupambanue. Kisukari si ugonjwa mmoja. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili wenyewe huziharibu chembe za kongosho zitoazo insulini. Mwenye ugonjwa huo hawezi kuishi bila ya insulini, na hapana neno katika insha hii limwambialo aiache. Mimi nasema juu ya aina ya pili, ambayo huwapata zaidi watu wazima, na ambayo mara nyingi huandamana na unene. Hii ndiyo iliyohukumiwa kifungo cha maisha, na rufani yake ndiyo niiletayo mbele yenu.

Hesabu yaingiaje katika maradhi? Huingia kwa njia ya kielezo. Kielezo cha hesabu ni picha ya jambo iliyochorwa kwa tarakimu badala ya rangi. Kama vile ramani isivyokuwa nchi yenyewe, kielezo si mwili wenyewe. Walakini msafiri mwenye ramani nzuri hufika, na mwenye ramani mbaya hupotea hali anaamini kuwa yu njiani. Basi ubishi wangu si juu ya hesabu. Nabishana na wasomaji wabaya wa ramani.

Tuanze na uzito wa mwili, maana hapo kosa huonekana waziwazi. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kanuni nyepesi, kwamba kila kilokalori 7,700 zikipunguzwa katika chakula, mtu hupungua kilo 1. Chukua mtu wa kilo 90, aache kula kilokalori 240 kila siku, yaani kadiri ya chapati moja ndogo. Kwa mwaka mmoja atakuwa ameacha kilokalori 87,600, na kwa kanuni hiyo atapungua kilo 11 na zaidi. Mwaka wa pili atapungua kilo 11 nyingine, na wa tatu vivyo hivyo. Endeleza hesabu hiyo mpaka mwisho wake. Kabla ya mwaka wa 8 kutimia, mtu huyo hatakuwa na hata kilo moja. Atakuwa ametoweka duniani kwa sababu ya chapati!

Kosa liko wapi? Kuzidisha na kugawanya kulikuwa sahihi. Kosa ni kudhani kuwa mwili hutumia nguvu zile zile siku zote. Mwili ni kama tangi lenye tundu chini. Maji yakijaa hutoka kwa kasi. Yakipungua hutoka polepole, mpaka yaingiayo na yatokayo yawe sawa, na kimo cha maji kitulie. Mwili mzito hutumia nguvu nyingi, na mwili mwepesi hutumia chache. Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake wa Marekani waliiweka hali hiyo katika milinganyo. Walionyesha kuwa kila kilokalori 24 zikiachwa kila siku kwa kudumu, mtu mzima hupungua hatimaye kama kilo 1. Nusu ya upungufu huo hupatikana katika mwaka wa kwanza, na karibu wote katika miaka 3. Basi mtu wetu aliyeacha chapati atapungua kilo 5 hivi kwa mwaka, atafika kama kilo 10 kwa jumla, kisha atasimama.

Angalieni tofauti hii ina uzito gani katika maisha ya mtu. Mshauri ashikaye kanuni ya zamani, akimwona mgonjwa wake amesimama, humwita mwongo. Humwambia, "Wewe wala kwa siri." Mshauri ajuaye kielezo kilicho bora hujua kuwa mgonjwa yule amesema kweli, na kuwa mwili umefika mahali pake pa kutulia. Hesabu mbaya ilimvunjia mtu heshima. Hesabu njema yamrudishia. Nani atasema sasa kuwa milinganyo haina utu?

Sasa tuje kwenye mstari wenyewe. Mwaka 1985 David Matthews na wenzake wa Oxford walitoa kielezo kinachohitaji vipimo viwili tu vya damu, vichukuliwavyo asubuhi kabla ya mtu kula: sukari, kwa milimoli katika lita, na insulini, kwa maikrouniti katika mililita. Zidisha sukari kwa insulini, kisha gawanya kwa 22.5, wapata kadiri ya ukaidi wa mwili, yaani jinsi mwili unavyokataa kuitii insulini. Tena zidisha insulini kwa 20, kisha gawanya kwa sukari iliyotolewa 3.5; wapata nguvu ya kongosho katika sehemu za mia. Mtu mwenye sukari 4.5 na insulini 5 ana ukaidi wa 1 na nguvu ya 100 kwa mia. Mwenye sukari 9 na insulini 11 ana ukaidi wa 4.4 na nguvu ya 40 kwa mia. Hesabu hiyo ni ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza, nayo imetumika katika uchunguzi mwingi wa ulimwengu.

Ilitumika pia katika uchunguzi mkubwa wa kisukari uliofanywa Uingereza, ulioanza mwaka 1977 ukawa na wagonjwa 5,102, na ambao matokeo yake makuu yalitangazwa mwaka 1998. Uchunguzi huo ulitenda mema ambayo hapana awezaye kuyakana. Ulithibitisha kuwa sukari ikizuiwa vema, madhara ya macho na figo hupungua. Lakini ndani yake ulikuwamo mstari. Wagonjwa walipotambuliwa, kongosho zao zilikuwa na kama nusu ya nguvu ya kawaida; na miaka ilivyopita nguvu hiyo ilizidi kushuka. Wataalamu waliziunga nukta hizo kwa mstari, wakaurefusha kwa nyuma, wakaona kuwa kushuka kulianza yapata miaka 10 au zaidi kabla ya ugonjwa kujulikana. Wengine waliurefusha kwa mbele, nao ukateremka kuelekea sifuri. Hapo ndipo hukumu ilipopigwa muhuri: ugonjwa huu huzidi tu, wala haurudi nyuma.

Mimi nauliza swali moja: mstari huo ulipimwa katika hali gani? Ulipimwa kwa watu ambao, baada ya miezi ya kwanza ya kuangalia chakula, waliendelea kwa miaka mingi bila ya uzito wao kupunguzwa sana. Na wengi wao walizidi kunenepa. Ni kama mtu apimaye maji ndani ya chombo kivujacho. Saa moja maji yalifika kwenye kifundo cha mguu, saa mbili yalifika kwenye goti, naye akachora mstari, akasema, "Ifikapo saa sita chombo kitazama." Hesabu yake ni sahihi. Lakini kama hapana aliyefuta maji wala aliyetia kalafati, mstari ule wasema habari za chombo kilichoachwa, wala hauwezi kusema kitu juu ya chombo kilichozibwa. Kuuchukua mstari wa chombo kilichoachwa na kumsomea nahodha aliye tayari kuziba ni kumnyang'anya kalafati mkononi.

Wako waliotaka kujua ndani mnatendeka nini badala ya kurefusha mistari. Mwaka 2000 Brian Topp na wenzake walitunga kielezo cha milinganyo mitatu iliyofungamana: mmoja wa sukari, mmoja wa insulini, na mmoja wa chembe za kongosho zitoazo insulini. Katika kielezo chao, sukari ikipanda kidogo, chembe hizo huongezeka ili zikabiliane nayo. Ikipanda mno, chembe hufa. Matokeo yake ni kama mabonde mawili yaliyotengwa na ukingo. Bonde moja ni la afya, na la pili ni la ugonjwa. Jiwe lililosukumwa kidogo hurudi kwenye bonde lake. Likivuka ukingo huporomokea upande wa pili. Hapa hapana mstari mmoja wa kuteremka kwa watu wote. Kuna swali la mahali: jiwe liko wapi sasa, na ukingo uko wapi? Kielezo hiki nacho si neno la mwisho, kwani kilidhani kuwa chembe zilizonyamaza zimekufa, na baadaye tutaona kuwa nyingine zilikuwa zimelala. Lakini kilifundisha jambo kubwa, kwamba hali ya mtu yaweza kuwa na njia mbili mbele yake.

Mwaka 2008 Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, alitoa fikira ya mizunguko miwili. Mtu alapo kuliko mahitaji yake kwa miaka mingi, mafuta hujaa katika ini. Ini lililojaa mafuta hukaidi insulini na kumwaga sukari katika damu. Kongosho hujibu kwa kutoa insulini zaidi, na insulini nyingi huliongezea ini mafuta. Huo ni mzunguko wa kwanza. Ini likishiba husukuma mafuta yake nje, nayo huingia hata katika kongosho na kuzizubaisha chembe zake, sukari ikapanda zaidi. Huo ni mzunguko wa pili. Sifa ya fikira hii ni kuwa ilikubali kuwekwa katika mizani. Ilisema: yaondoe mafuta, na mizunguko yote miwili itazunguka kinyume. Kama haikuwa hivyo, basi Taylor alikuwa amekosea mbele ya watu wote.

Jaribio lilitangazwa mwaka 2011. Watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili walipewa chakula cha kilokalori 600 kwa siku, kwa muda wa wiki 8. Katika wiki moja tu, sukari yao ya asubuhi ilishuka kutoka milimoli 9.2 hadi 5.9. Katika wiki 8, mafuta ya ini yalishuka kutoka sehemu 12.8 kwa mia hadi 2.9, mafuta ya kongosho yakapungua, na insulini ikaanza kutoka tena kama inavyotakiwa. Chembe zilizodhaniwa kuwa zimezikwa ziliamka.

Watu 11 ni wachache, na mwenye busara hajengi nyumba juu ya nguzo moja. Kwa hiyo Taylor na Mike Lean wa Glasgow walifanya uchunguzi mkubwa zaidi katika Scotland na kaskazini ya Uingereza, uliotangazwa Desemba 2017. Nusu ya wagonjwa walipewa, chini ya uangalizi, chakula maalumu cha kilokalori zipatazo 850 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5. Nusu ya pili walitibiwa kwa desturi. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa 46 katika kila 100 wa kundi la kwanza hawakuwa tena na kisukari kwa vipimo, wala hawakutumia dawa zake. Katika kundi la pili walikuwa 4 tu katika 100. Tazameni ngazi iliyojitokeza katika washiriki wote. Aliyeongezeka uzito hakupona hata mmoja. Waliopungua kilo 5 hadi 10 walipata nafuu hiyo 34 katika 100. Waliopungua kilo 10 hadi 15, 57 katika 100. Waliopungua kilo 15 au zaidi, 86 katika 100. Huu nao ni mstari, bali ni mstari wa kupanda. Nao ulipatikana siku walipokubali kuziba tundu la chombo.

Sasa wapinzani watasimama, na ni haki yao kusikilizwa. Wa kwanza atasema, "Nafuu hiyo haidumu." Ana sehemu ya kweli. Baada ya miaka 2, walio katika nafuu walikuwa 36 katika 100. Baada ya miaka 5, katika wale walioendelea kufuatwa na kusaidiwa, walikuwa 13 tu katika 100, na uzito mwingi ulikuwa umerudi. Sizifichi tarakimu hizo, kwa kuwa atakaye ukweli kwa hesabu hana budi kuukubali hata unapomuuma. Lakini tarakimu hizo zathibitisha nini? Zathibitisha kuwa sababu iliporudi, ugonjwa ulirudi. Yaani unene uliotajwa kuwa sababu ndio sababu kweli. Moto uliozimwa kisha ukawashwa tena haushuhudii kuwa maji hayazimi moto. Ndiyo maana wataalamu hawasemi "kupona". Husema ugonjwa umetulia. Mwaka 2021 walikubaliana kuwa ugonjwa huitwa umetulia endapo kipimo cha sukari ya muda mrefu kiko chini ya 6.5 kwa mia kwa miezi 3 au zaidi bila ya dawa. Aliyetulia huendelea kupimwa kila mwaka.

Mpinzani wa pili atasema, "Nawajua wembamba wenye kisukari, unene umewahusu nini?" Swali hili ni zuri, na hesabu imelijibu. Mwaka 2015 Taylor na Rury Holman walieleza kuwa kila mtu ana kikomo chake cha mafuta. Mmoja huweza kubeba kilo 120 bila ya kisukari, na mwingine hufikia kikomo chake kwa kilo 65. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya watu 20 wasio wanene walioupunguza uzito wao kwa utaratibu, na 14 kati yao walitulia. Kosa ni kuweka ukingo mmoja kwa mabonde ya watu wote.

Hapa ndipo jambo linapofika kwetu. Karibu wote waliopimwa katika Scotland na Newcastle walikuwa watu wa asili ya Ulaya. Katika Qatar, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 juu ya watu wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini ulionyesha kutulia kwa watu 61 katika 100, dhidi ya 12 katika 100 waliotibiwa kwa desturi. Basi mlango ni mpana kuliko kabila moja. Lakini Glasgow si Kisumu, na Doha si Machakos. Vyakula ni mbalimbali, miili ni mbalimbali, na vikomo huenda vikawa mbalimbali. Nani atavipima vikomo vyetu? Tukiendelea kuazima mistari ya watu, tutaendelea kuazima na hukumu zao. Kazi hiyo yawangoja vijana wanaoketi leo katika madarasa ya Kenya na kuuliza kwa kuchoka, "Mlinganyo huu utanifaa nini?"

Wako maadui wengine wawili ambao sitawaacha wapite salama. Wa kwanza ni muuza unga wa miujiza, asimamaye stendi na kunadi kuwa kijiko kimoja asubuhi hufukuza sukari milele. Huyu ameliiba neno la matumaini bila ya kulipa kodi ya ushahidi. Mwulizeni: ni wangapi walipewa, wangapi hawakupewa, na baada ya mwaka walikuwaje? Atahama stendi. Wala asidhani mgonjwa kuwa nimemruhusu kutupa vidonge vyake au kujifungia nyumbani kwa njaa. Wale wa Scotland walipunguza dawa mikononi mwa waganga, na mwenye kutumia insulini au vidonge vingine, akijinyima chakula peke yake, sukari yake yaweza kushuka hata akafa.

Adui wa pili ni yule amchekaye mnene, asemaye, "Amejiletea mwenyewe." Kikomo cha mafuta hurithiwa, nacho hakichaguliwi, bei ya vyakula haipangwi na mgonjwa, na mwili, kama tulivyoona katika lile tangi, hupigana na kila kilo inayopungua. Kumwambia mtu kuwa mlango upo si kumlaumu kwa kuwa bado yu ndani. Ni kumpa habari aliyonyimwa.

Enyi wanafunzi, mama yako mdogo aambiwapo kuwa ugonjwa wake hauna ila kuzidi, aliyesema hivyo hana haja ya kuwa mwovu. Huenda alifundishwa mstari, naye akaufundisha. Jiulizeni basi kila mnapoonyeshwa mstari, uwe wa maradhi, wa mavuno, wa bei ya unga au wa umaskini wa taifa: ulipimwa wapi, kwa watu gani, na ni jambo gani ambalo wakati huo hapana aliyelibadilisha? Mkishajua jambo hilo ni lipi, mtakuwa mmejua kalafati iwekwe wapi.